Wanne Kati ya Kumi

3 Machi

Mvua ya kwanza imeanguka leo saa nane mchana. Bati la karakana linavuja palepale lilipovuja mwaka jana, juu ya kabati la vipimajoto, na fundi wa majengo bado anaapa kwamba aliliziba. Nimehamisha kabati. Nimekagua geji tisa za presha: saba nzima, moja ya kurekebisha, moja ya kutupa.

Meneja ameniita ofisini kunipa habari. Kiwanda kimeajiri mwanasaikolojia, atakaa nasi msimu wote wa mvua, kwa sababu ya ile ajali ya Januari. Nikamuuliza atafanya nini hasa. "Atawapima waliokuwepo," akasema. Nikacheka hadi karani wake akageuka. Miaka ishirini na sita nawapimia presha, joto na uzito wa sabuni yao. Leo ndiyo nasikia roho nayo ina kipimo.

Januari bomba la mvuke lilipasuka kwenye chumba cha boila. Mwendesha boila wa zamu ile ni mdogo wangu, tumezaliwa wawili tu. Yeye alitoka mzima. Mwenzake hakutoka. Tangu hapo wamemweka stoo, anapanga makatoni.

5 Machi

Mvua. Sabuni haikauki, na kila mtu ana kisirani.

6 Machi

Nimemwona mwanasaikolojia wetu. Nilitegemea kijana wa tai na maneno mengi. Kumbe ni mtu mzima, nywele zimeanza kumkimbia mbele, viatu vimelowa mpaka kavijaza magazeti. Wafanyakazi wameshampa jina: Bwana Maswali. Amekuja karakana na kisanduku kwapani.

"Habari za kazi, mama. Wameniambia wewe ndiye unayejua kama kitu kinapima au kinadanganya. Naomba unikagulie hiki."

Kisanduku kina taa nyekundu, kitufe na spika ndogo. Taa ikiwaka unabonyeza kitufe, chenyewe kinahesabu umechelewa kiasi gani. Mara nyingine spika inatoa kwanza sauti ya mvuke unaovuja, ndipo taa inawaka. Nilikiunganisha na saa yangu kuu, nikakijaribu mara hamsini. Kinakosea sehemu mbili kati ya elfu za sekunde, basi. Nikakibandika karatasi ya kijani yenye sahihi yangu, kama ninavyozibandika geji.

"Kwa hiyo kinafaa?" akauliza.

"Kisanduku kinafaa. Unachokifanya nacho ni habari nyingine."

Hakukasirika. Akanyoosha kidole kwenye geji iliyokuwa mezani. "Hii ikisema presha ni sita, ni sita kweli?"

"Ni sita, pungufu au zaidi kwa sehemu moja ya kumi."

"Na hiyo kasoro unaiandika?"

"Kila mara. Asiyeandika kasoro yake ni mpiga ramli, si fundi."

"Basi na mimi naandika yangu," akasema, akachukua kisanduku chake akatoka. Nimebaki nimeudhika, na sijui kwa nini.

9 Machi

Nimeenda kwa mdogo wangu kuwasalimia. Yeye alikuwa mzungumzaji kama kawaida, akimwiga Meneja anavyopanda ngazi huku ameshika kitambi. Tumecheka sana. Alipokwenda bafuni, wifi akanivuta jikoni.

"Wifi, nikuambie kitu. Sufuria ikichemka, mfuniko ukaanza kutikisika na kutoa mvuke, yeye anatoka nje. Hasemi kitu, anatoka tu. Juzi nilimfuata. Nimemkuta amesimama nyuma ya nyumba, kwenye mvua, ameshika ukuta. Nilimwita mara tatu hakunisikia. Sasa napika bila mfuniko."

"Tangu lini?"

"Tangu aliporudi Januari. Nimekuambia wewe kwanza, hata mama yangu hajui. Huyu mtaalamu wenu anataka kuja kuniuliza mambo ya nyumbani. Nimwambie?"

Nilimwambia asimwambie. Nilisema yule bwana ataandika kwenye mafaili, na likishaandikwa halifutiki, watu watasema mumewe amerukwa na akili. Yatapita, nikasema. Ni uchovu tu. Wifi akasema, "Haya, wewe ndiye msomi."

12 Machi

Mvua. Geji kumi na nne.

14 Machi

Bwana Maswali anawapima hata wasiokuwepo kwenye ajali, apate cha kulinganisha. Leo ilikuwa zamu yangu. Nilibonyeza kitufe mara arobaini. Alipocheza ile sauti ya mvuke sikuchelewa hata kidogo zaidi kuliko kwenye kimya. Akasema nirudi kesho. Nikarudi (leo tarehe kumi na tano, naendelea hapahapa). Jibu ni lilelile, karibu kabisa. Ningekuwa geji ningejipa karatasi ya kijani.

Inaudhi mtu kukupima vizuri wakati umeshakata kauli kwamba hawezi.

17 Machi

Mdogo wangu amekuja karakana wakati wa mapumziko. Alikaa juu ya kreti akavua kofia.

"Dada, stoo inanimaliza. Wananipita mlangoni wananong'ona. Mpishi wa sabuni ananisalimia taratibu kama mgonjwa. Mimi ni mwendesha boila. Nina cheti."

"Kipimo cha Bwana Maswali kimesemaje?"

"Hajaniambia. Ananiuliza nimelala vipi, nimeota nini. Mtu mzima nikamweleze ndoto zangu? Sasa nasikia kamati itakaa tarehe ishirini na saba, na wewe wamekuita kama mtu wa vipimo. Neno lako pale lina uzito, dada. Niombee."

Mimi ndiye niliyemtafutia kazi hii. Baba alipofariki alikuwa na miaka kumi na tisa, nikamshika mkono nikamleta mpaka geti la kiwanda. Kila alipopanda daraja nilijiona nimepanda mimi. Nilimwambia aache wasiwasi.

20 Machi

Bwana Maswali alinikuta nafunga karakana. Mvua ilikuwa kubwa, akajibanza nami chini ya paa.

"Mama, najua ni mdogo wako, na najua si rahisi. Mke wake hataki kuzungumza na mimi. Wewe unafika pale nyumbani. Umeona lolote lililobadilika? Hata dogo."

"Hapana."

"Sauti, harufu, kitu anachokikwepa?"

"Nimekuambia hapana, bwana. Yuko vilevile."

Akafungua daftari lake akaandika. Niliona neno lenyewe: hapana. Na pembeni, tarehe.

Najiambia kwamba sufuria ya jikoni si kipimo.

27 Machi

Kamati imekaa. Naandika yote, maana kazi yangu imenizoesha kuandika wakati jambo bado lina joto.

Tulikuwa watano: Meneja, mganga wa kiwanda, mwakilishi wa wafanyakazi, Bwana Maswali na mimi. Mwakilishi alianza kwa kuuliza kama ni sawa mimi kuwepo, kwa kuwa ni dada yake. Meneja akapunga mkono. "Hapa hatuzungumzii udugu, tunazungumzia vipimo, na vipimo ni vyake."

Bwana Maswali akasoma taarifa yake bila mbwembwe. Katika kimya, mdogo wangu anabonyeza kitufe kwa muda usiofika nusu sekunde, kama sisi wote. Akisikia mvuke, anachelewa karibu sekunde mbili. Amempima siku tatu tofauti, na mara zote jibu ni hilo. Anapendekeza asirudi boila kwa miezi mitatu, awe anakwenda kwake mara mbili kwa wiki, kisha apimwe upya.

Meneja akauliza, "Una hakika kwamba akirudi sasa atakwama?"

"Sina hakika. Nimewafuatilia watu sitini na wawili waliopona kwenye ajali za namna hii. Wenye majibu kama yake, wakirudi mapema, wanne kati ya kumi hukwama jambo likitokea. Sita hawakwami."

"Yeye ni wa wanne au wa sita?"

"Sijui."

Meneja akanigeukia. Boila imekosa mtu mzoefu kwa miezi miwili, na macho yake yalikuwa yanasema hivyo. "Mama Geji, wewe ndiye mtu wa sayansi hapa. Hii ni sayansi, au ni nini?"

Nikasimama. Hakuna aliyeniomba nisimame.

"Amesema mwenyewe kwamba hajui," nikasema. "Geji yangu ikisema sita, ni sita. Haisemi labda sita. Mimi siwezi kuweka sahihi kwenye kitu kinachosema labda. Kuuliza watu wameota nini si sayansi, ni mazungumzo. Mazungumzo ni mazuri, lakini hayawezi kumnyima mtu kazi yake."

Mganga alitikisa kichwa kukubali. Bwana Maswali alikuwa ananitazama. Alikumbuka yale tuliyosema karakana kuhusu kasoro ya geji, nina uhakika alikumbuka, na angeweza kunivua nguo mbele ya watu kwa sentensi moja. Kisanduku kilikuwa mbele yake, na karatasi yangu ya kijani juu yake. Alisema tu hivi: "Nimeeleza ninachokijua, na nimeeleza kinaishia wapi."

Watatu kwa mmoja. Mwakilishi hakupiga kura.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri kwenye korido. Alinikumbatia mbele ya watu, akaninyanyua kidogo kutoka sakafuni.

31 Machi

Amerudi boila. Nimepita kumwona, amevaa ovaroli mpya. Kila kitu shwari.

4 Aprili

Mvua. Shwari.

8 Aprili

Nimekutana na Bwana Maswali kantini. Nikamwambia, si kwa ubaya sana, "Wiki ya pili hii, na hajakwama." Akasema, "Nimefurahi sana," na nadhani alikuwa anasema kweli. Akaongeza: "Hakuna kilichovuja bado." Nilikwenda kukaa meza nyingine.

11 Aprili

Geji sita. Bati limezibwa, linavuja.

17 Aprili

Sikuandika juzi wala jana.

Juzi, tarehe kumi na tano, saa tisa na robo mchana, kiungo cha bomba kubwa la mvuke kilianza kuvuja kwenye chumba cha boila. Hakikupasuka, kilivuja tu. Ni jambo linalotokea kila baada ya miaka michache, na kila mwendesha boila anajua la kufanya: vaa glavu zilizotundikwa mlangoni, zungusha gurudumu la valvu kuu, funga. Sekunde ishirini kwa mtu mzoefu.

Fundi umeme alikuwa mlangoni. Anasema mvuke ulipoanza kulia, mdogo wangu alisimama. Mikono ilikuwa imening'inia. Fundi alimpigia kelele, hakusikia. Kiungo kikaachia zaidi, chumba kikajaa mvuke, fundi akatoka akidhani mwenzake anamfuata. Hakumfuata. Fundi anasema ilipita dakika nzima, lakini dakika ya mtu aliyeogopa siiamini. Mimi nimekwenda kusoma karatasi ya mashine inayochora presha, mstari ulivyoshuka. Ni sekunde thelathini na nne.

Baada ya hapo alizinduka. Angeweza kukimbia, mlango ulikuwa hatua tatu nyuma yake. Badala yake aliingia ndani ya mvuke, akalitafuta gurudumu kwa kupapasa, akalifunga. Bila glavu. Chuma kile nakijua. Mimi ndiye ninayekipima.

Tangu juzi jioni nashinda hospitali. Mikono yake yote miwili imefungwa mpaka kwenye viwiko. Daktari anasema vidole vya kulia havitarudi kama vilivyokuwa. Amepewa dawa za usingizi. Nilikaa nikautazama uso wake, na kwa mara ya kwanza maishani sikujua niandike nini.

Kiwandani wanamwita shujaa. Meneja amesema atapewa hati.

20 Aprili

Wifi yuko kando ya kitanda cha mgonjwa tangu asubuhi, anamlisha kwa kijiko. Nilipoingia aliweka bakuli chini, akanifuata nje ya wodi.

"Nilikuambia," akasema. Sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. "Nilikuambia wewe kwanza, kabla ya mama yangu mzazi. Nikakuuliza nimwambie yule bwana, ukasema yatapita."

"Wifi, nisamehe."

"Nilikuona wewe ndiye mwenye akili kwenye ukoo huu. Nikapika bila mfuniko, nikanyamaza." Akafuta uso kwa kanga. "Mume wangu ameniuliza nani alijua. Sijamjibu. Utamjibu wewe."

22 Aprili

Mvua. Sijapima kitu.

2 Mei

Leo nimekwenda ofisini kwa Bwana Maswali. Ni kile chumba cha zamani cha kuhifadhi rangi, bado kinanuka. Nilikaa kwenye kiti cha wanaopimwa.

Nikamweleza yote: mfuniko wa sufuria, ukuta wa nyuma ya nyumba, wifi kuniuliza kama aseme na mimi kumkataza. Nikamwambia kwamba siku ile chini ya paa, aliponiuliza nikasema hapana, nilikuwa najua.

Alifungua faili akatafuta ukurasa. "Alikuambia tarehe ngapi?"

"Tisa Machi."

Akaandika. Nilingoja anipige kwa maneno, nikaona bado anaandika.

"Ungepata jibu hilo mapema ingekuwaje?" nikauliza.

"Angeingia kundi jingine. Wanaochelewa kwenye kipimo na pia wanakwepa nyumbani. Hao ni saba kati ya kumi."

"Kamati ingekusikiliza."

"Labda."

"Basi ulikuwa sahihi, bwana. Na mimi nilisema mbele ya watu kwamba kazi yako si sayansi. Sema tu kwamba ulikuwa sahihi."

Akavua miwani. "Siwezi kusema hivyo, mama. Mtu mmoja hathibitishi hesabu yangu. Angefanya kazi mwaka mzima bila kukwama, nisingekuwa nimekosea pia. Halafu mimi nina sanduku la wanaokwama na sanduku la wasiokwama. Sina sanduku la mtu anayekwama, kisha akarudi ndani ya moto kwa mikono mitupu. Hilo sikulijua. Nimeliandika kama kasoro yangu."

Nilitaka anihukumu. Nilikuwa nimejiandaa tangu nyumbani. Badala yake aliniwekea mbele yangu mipaka ya anachokijua, kwa utulivu uleule wa siku ya kamati, na nikaelewa kitu ambacho fundi wa vipimo hakupaswa kufundishwa akiwa na miaka hamsini na moja. Yule mtu alisema labda kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilisema hakika, na mfukoni nilikuwa na ushahidi nimeuficha. Sikuwa naitetea sayansi siku ile. Nilikuwa naitetea heshima ya mdogo wangu, na yangu, na sayansi nimeivaa kama koti la kuazima.

"Niambie basi," nikasema, "kosa langu lina ukubwa gani."

"Hilo sina kipimo chake," akajibu. Akanimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akanisogezea.

6 Mei

Nimempelekea Meneja barua kwa ajili ya faili la kamati. Ndani nimeandika kwamba nilificha habari, na kwamba nilichosema kuhusu geji hakikuwa kweli: hakuna geji isiyo na kasoro, na mimi ndiye ninayeziandika hizo kasoro. Akaisoma, akaikunja.

"Mama Geji, haya yamekwisha. Mtu wetu ni shujaa. Unataka kuchokonoa nini?"

Nikamwambia asipoiweka kwenye faili nitaibandika kwenye ubao wa matangazo, karibu na ratiba ya zamu. Ameiweka. Nimesimama pale mpaka karani akapiga muhuri.

Mwakilishi wa wafanyakazi hanisalimii tena. Ana haki.

11 Mei

Mdogo wangu ametolewa hospitali. Nimemkuta amekaa kitandani, mikono juu ya mto. Wifi aliponiona alitoka na ndoo ya nguo.

Nilimwambia. Sikuzunguka wala sikujitetea. Alisikiliza huku ameangalia dirishani mpaka nikamaliza.

"Mimi nilikuomba uniombee," akasema. "Ni kweli. Nilitaka kurudi. Lakini, dada, mimi nilikuwa sijijui. Nilikuwa najikuta nje ya nyumba, sijui nimefikaje. Nilidhani ninaficha mimi peke yangu. Kumbe tulikuwa tunaficha wawili, na wewe ulikuwa unaona. Ungeniambia mimi tu. Hata kama hukumwambia yeye. Mimi ungeniambia."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika kujilaumu kwangu kote, kamati, wifi, Bwana Maswali, sikuwa nimekumbuka kwamba kulikuwa na mtu wa kwanza wa kuambiwa.

"Nenda nyumbani," akasema. Nikaenda.

13 Mei

Mvua nyepesi. Geji nane.

19 Mei

Nilifika kwao na matunda. Wifi aliyapokea dirishani.

26 Mei

Mvua zimekatika. Siku ya nne leo ni jua tupu, na uani sabuni inakauka vizuri.

Asubuhi nilibisha kwao kabla ya kazi. Kitasa kilihangaika muda mrefu, kisha mlango ukafunguka. Alikuwa yeye, ameufungua kwa kiwiko. Hakusema karibu. Alisogea pembeni.

"Wifi yako ametoka," akasema. "Nina miadi na Bwana Maswali saa tatu, na shati hili limenishinda."

Nikafunga vifungo vyake, kimoja kimoja, kuanzia chini. Alikuwa anatazama juu ya kichwa changu. Ngozi mpya ya mikono yake ni nyekundu na inang'aa, vidole vya kulia vimejikunja. Nilipofika kwenye kola nilisimama, sikujua niendelee au niache.

"Na hicho pia," akasema.

Nikakifunga. Nikauliza kama nimsindikize.

"Hapana, dada. Nitakwenda mwenyewe."

Nilibaki mlangoni nikimwangalia anavyoshuka barabara, mikono ameiinua kidogo mbele yake isiguse nguo. Niliendelea kumtazama mpaka akakata kona. Hakugeuka.